Kabla ya Kusaini: Maneno kwa Wenye Nyumba na Wapangaji wa Ilala

Hotuba ya mthamini wa ardhi na majengo kwenye mkutano wa wakazi, imeandikwa upya ili isomeke.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, wajumbe wa serikali ya mtaa, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, dada zangu, vijana, habari za asubuhi.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Bwana Mthamini, njoo utuambie viwanja sasa hivi vinakwenda bei gani." Nikamjibu nitakuja, ila bei sitaitaja. Bei mnaijua kuliko mimi, maana madalali wanapita barazani kwenu kila wiki na wengine mmeshawazoea hadi mnawakaribisha chai. Nimekuja kuzungumzia ile karatasi inayoletwa baada ya bei kutajwa. Katika kazi hii nimeona familia nyingi zikitoka kwenye nyumba zao bila tingatinga, bila askari, bila amri ya mahakama. Walitoka kwa saini waliyoitia wenyewe, sebuleni, huku wakinywa soda aliyoinunua mgeni.

Kwanza tukumbushane nyumba hizi zimefikaje mikononi mwenu. Kariakoo serikali ya Mwingereza iliitenga kwa ajili ya Waafrika, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi iwe mpaka baina yao na Uhindini. Babu na bibi zenu wakajenga nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma uani na jiko na choo. Mwenye nyumba akikaa na wanawe kwenye chumba kimoja au viwili, vilivyobaki wapangaji. Mwaka 1971 Serikali ikataifisha majumba. Sheria ile iliwalenga wenye majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na ghorofa nyingi za mjini zikaenda kwa Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba ya bibi yako ya fito na udongo haikufika thamani hiyo. Unyonge wake ndio ulioiokoa. Na leo ukiibomoa nyumba hiyo hiyo ukabaki na uwanja mtupu, uwanja huo una thamani kuliko ghorofa nyingi zilizotaifishwa.

Mimi sipingi ghorofa. Kuna watu huja kwenye mikutano kama hii wakalia kwamba mji wa zamani unapotea, kisha jioni wanarudi kwao Mbezi Beach. Anayekaa kwenye nyumba yenye choo kimoja cha watu ishirini anajua kilio hicho hakimsaidii. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Milioni nzima imeongezeka ndani ya miaka kumi. Kariakoo wanakuja wafanyabiashara kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Comoro, na tangu Februari 2025 imezinduliwa biashara ya saa 24. Kwa hali hiyo ghorofa zitajengwa, mpende msipende. Kilichobaki ni kujua nani atakula matunda yake.

Mnaletewa mambo ya namna tatu. La kwanza ni kuuza moja kwa moja. Hili sitalichelewesha. Bei inatajwa, mtaa mzima unashika kichwa, kisha inakuja kodi ya ongezeko la mtaji, anakuja dalali, anakuja wakili, na kinachobaki kinagawiwa warithi kumi na mbili. Kila mmoja anapata kiwanja Chanika na bodaboda mbili, na baada ya miaka mitatu bodaboda zimekufa. Kuuza si dhambi. Kama warithi hawaelewani hata kwenye kununua sukari, huenda kuuza ndiko kunakowafaa. Ila muuze kwa kupenda, msiuze kwa kuchoshwa.

La pili, mtu anajenga kwa fedha zake, anakula kodi miaka 10 au 15, kisha anawaachia jengo. Hapa swali langu huwa moja: mtaachiwa jengo katika hali gani? Ghorofa iliyopangishwa miaka 15 bila kupakwa rangi, mabomba yanavuja, nyaya zimechoka, mnakabidhiwa pamoja na madeni ya maji. Kama mkataba hausemi nani anakarabati na nani anakagua kabla ya makabidhiano, mmeachiwa mzigo.

La tatu ni ubia, na hapa ndipo nataka tukae.

Tuchukue jengo la mfano, tuseme liko Mtaa wa Sikukuu. Namba nazitunga ili hesabu iwe nyepesi, lakini mpangilio wake mtautambua. Jengo lina sakafu ya chini na ghorofa saba juu yake, jumla sakafu nane. Mwekezaji anamwambia mzee, "Baba, wewe hutoi hata senti. Nyumba ya kukaa wakati wa ujenzi nakulipia mimi. Jengo likiisha nakupa sakafu mbili kati ya nane." Robo ya jengo, bila kutoa hata senti! Mzee anamuita mkewe, mkewe anapiga kigelegele.

Sakafu zenyewe ni ya sita na ya saba.

Sasa tuhesabu. Chini kuna fremu 10, kila fremu milioni 2 kwa mwezi: milioni 20. Ghorofa ya kwanza nako ni maduka, milioni 14. Ya pili ni stoo za mizigo, milioni 8. Kuanzia ya tatu hadi ya saba ni nyumba za kuishi, nne kila sakafu, laki sita kila moja: kila sakafu inaingiza 2,400,000, na sakafu zote tano milioni 12. Jumla ya jengo ni milioni 54 kwa mwezi. Mzee na sakafu zake mbili za juu anapata milioni 4 na laki nane. Pigeni hesabu kwenye simu zenu: haifiki hata asilimia 9. Aliambiwa robo, akapewa chini ya sehemu moja ya kumi.

Na hapo kilemba hatujakigusa. Wenye fremu mliomo humu mnajua: mpangaji kabla hajaweka hata shati moja dukani ameshatoa kilemba, fedha nyingi, mkononi, kwa anayeshika funguo. Kwa jengo jipya mahali pazuri, kilemba cha fremu za chini pekee kinaweza kumrudishia mwekezaji sehemu kubwa ya gharama za ujenzi. Fedha hiyo imepatikana kwa sababu jengo limesimama pale lilipo. Jengo hilo hilo ulipeleke Pugu, kilemba utakipata kwa nani? Kwa hiyo anayesema mzee hakutoa hata senti anasema uongo. Mzee ndiye aliyetoa kitu ambacho saruji na nondo haziwezi kukinunua tena.

Mkienda mezani, basi, msigawane sakafu. Gawaneni mapato, au kila mmoja apate sehemu katika kila sakafu, chini kwenye fremu na juu kwenye nyumba. Mwekezaji akikataa katakata kukupa hata fremu mbili za chini, ameshakueleza anavyokuhesabu.

Kuna kifungu kingine nimekutana nacho kwenye mikataba mingi, kimeandikwa hivi au karibu na hivi: mwenye kiwanja atakabidhiwa sehemu yake "baada ya ujenzi kukamilika." Kinaonekana hakina neno. Lakini piteni Kariakoo muinue macho. Chini wanauza mabegi, viatu, vyombo, mizigo inashushwa usiku na mchana. Juu nondo zimesimama zinashika kutu, na kamba ya nguo imefungwa kwenye nguzo. Jengo la namna hiyo halijakamilika, na anayenufaika halikamilishi. Familia moja niliyoifanyia uthamini ilikaa nyumba ya kupanga Vingunguti miaka mitano ikisubiri kukabidhiwa, na maduka ya chini yalikuwa yamejaa tangu mwaka wa pili. Mwekezaji alipoulizwa alifungua mkataba akaonyesha kifungu. Kisheria hakuwa ameuvunja. Wekeni tarehe, jamani. Wekeni tarehe, wekeni faini ya kila mwezi unaozidi, na andikeni kwamba siku fremu ya kwanza inapopangishwa, mgawo wenu nao unaanza kuhesabiwa.

Halafu hati. Mwekezaji atasema anahitaji hati miliki apate kibali cha ujenzi na abadilishe matumizi kutoka makazi kwenda biashara. Kibali kinahitajika kweli, na matumizi kubadilishwa ni lazima. Lakini kwa hayo nakala na idhini yenu vinatosha kuanzia. Hati kutoka mikononi mwenu ni jambo jingine. Angalieni sana kama karatasi mnayosaini inahamisha umiliki kwenda kwenye kampuni, au inamruhusu kuiweka hati rehani benki. Akikopa kwa kiwanja chenu na akashindwa kulipa, benki haitamfuata yeye Masaki, itakuja na mnada hapa. Na nyumba wanayoishi mume na mke Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda: haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mama zangu, ukiitwa usaini "kama shahidi", soma kwanza, huenda unasaini ridhaa.

Kama mwekezaji si raia, sikilizeni na hili. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu maalumu unaopitia mamlaka ya uwekezaji. Sasa kuna mtindo wa kumtafuta Mtanzania mmoja aazimishe jina. Wakija kugombana wao kwa wao, anayebaki na mgogoro wa umiliki ni nani? Mnajua jibu.

Ipo njia nzuri na watu hawaiulizi. Tangu 2008 tuna sheria inayoruhusu sehemu za jengo moja kuwa na hati zake. Fremu yako ikawa na hati, nyumba yako ya ghorofa ya tatu ikawa na hati, kwa jina lako. Ukiwa nayo, mwekezaji akifilisika au akifa hutaanza kutafutana na watoto wake. Iandikeni kwenye mkataba kuwa usajili wa hati hizo ni wajibu wake na gharama ni zake. Mkataba wenyewe nao ulipiwe ushuru wa stempu, kwa sababu usiolipiwa unakataliwa mahakamani, na usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Shirika la Nyumba la Taifa, lenye wanasheria wa kuajiriwa, mwaka 2022 lilizindua sera yake mpya ya ubia kabla ya kukaribisha wabia. Wewe unaingia kwenye jambo lile lile na karatasi mbili zilizochapwa stesheneri ya pale kona. Na wakili aliyeletwa na mwekezaji ni wakili wa mwekezaji, hata akikuita mzee wangu mara kumi.

Mirathi sasa. Wangapi humu hati ya nyumba iko kwa jina la marehemu? Msinyanyue mikono, nimeshaona mnavyotazamana. Nyumba nyingi za hapa bado ni za babu aliyezikwa zamani. Hakuna aliyekwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi, kwa kuwa mnaelewana, na kwa kuwa kulitaja jambo hilo ni kama kumuombea mtu mabaya. Dalali analijua hilo kuliko ninyi. Hamfuati anayekaa kwenye nyumba. Anamfuata yule kaka wa Tabora mwenye shida ya fedha, anampa kishika uchumba, na yule kaka anasaini kama mwenye mali. Mnakuja kushtuka mtu anapima kiwanja kwa futi. Mali bila daftari huisha bila habari. Teueni msimamizi, orodhesheni warithi wote na watoto wa waliotangulia, na kama mnahisi mmoja ameshaanza mazungumzo ya pembeni, nendeni kwa Msajili wa Hati mkaweke zuio. Ugomvi ukishatokea, baraza la kata sasa kazi yake ni usuluhishi tu, kesi inakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mkiingia huko jiandaeni kuzeeka kidogo.

Jambo moja la kuumiza, na nitalisema upesi. Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafariki. Machi 2013 lingine lilianguka katikati ya mji, wakafariki zaidi ya 30. Baada ya lile la 2024 waliopandishwa kizimbani walikuwa wamiliki wa jengo. Umiliki una uzito huo. Kama jina lako limo kwenye hati, una haki na wajibu wa kujua fundi ni nani, mhandisi aliyesajiliwa ni nani, na kwa nini kibali kinasema sakafu sita na wewe unahesabu tisa. Mwekezaji akitaka kuchimba chini apate maduka mengine na jengo lina watu, simamisha. Kaseme ofisi ya mtaa, kaseme Halmashauri ya Jiji.

Wapo watakaoniambia, "Bwana Mthamini, sisi ubia hautuhusu, sisi tunasubiri mradi wa Serikali utulipe fidia." Waulizeni wa Kigamboni. Mwaka 2008 waliambiwa unakuja mji mpya. Ramani zikaonyeshwa, minara mirefu, barabara pana. Uendelezaji ukasimamishwa: aliyekuwa na msingi akaambiwa usipandishe, aliyekuwa na nyumba inayovuja akaambiwa asubiri. Wakala wa mradi ukaundwa, mikutano ikafanyika, miaka ikaenda. Daraja likaja, mwaka 2016, na lina faida yake. Ule mji wa kwenye ramani haukuja, na wakala wenyewe ukavunjwa. Lakini nani atamlipa mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hakujenga, hakuuza kwa bei ya maana, hakukopa kwa nyumba yake? Hasara ya kusubiri haina fomu.

Kwa bahati sheria zimekaza kidogo. Ile Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, kwa bei ya soko ya ardhi na jengo, pamoja na posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida uliyoikosa kama ulikuwa na biashara. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya miezi 36. Sheria ya Uthamini ya 2016 nayo imeongeza kwamba malipo yakizidi miezi sita yanaanza kuzaa riba, na miaka miwili ikipita bila kulipwa uthamini ule umekufa, wanarudi kuthamini upya. Kwa hiyo mthamini akija kwenu, akiwa mimi au mwingine, andikeni tarehe. Hakikisheni amehesabu kisima, ukuta, mwembe, banda la kuku. Msisaini fomu yenye nafasi wazi. Na msipande minazi usiku wa kuamkia uthamini, tunaitambua.

Nimalizie na wapangaji, ambao naona wamekaa nyuma kana kwamba mkutano huu si wao.

Mpaka 2005 tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984. Ikafutwa, na kwa maoni yangu hatukuweka kitu cha maana mahali pake. Leo mtu amekaa chumba kimoja miaka ishirini, amezaa hapo, amesomesha hapo, analipa miezi sita kwa mkupuo, na siku mwenye nyumba anaposaini ubia anaambiwa ana siku thelathini. Mama lishe wa barazani hahesabiwi kabisa. Fundi cherehani aliyekaa mlango ule ule tangu enzi za kaunda suti hahesabiwi. Wanahamia Chamazi, Kivule, Mbagala ndani huko, na wanaendelea kuja kufanya kazi hapa hapa kwa daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Kwenye michoro ya mwekezaji hakuna mstari wa nauli yao.

Lakini wapangaji wa Magomeni Kota walitufundisha kitu. Walikuwa kaya 644, nyumba zikiwa za manispaa. Mwaka 2011 wakaondolewa, kota zikavunjwa, wakaahidiwa kurudi. Kiwanja kikabaki magugu kwa miaka, katikati ya mji, na kila mwenye fedha alikuwa anakitamani. Hawakutawanyika. Walikuwa na orodha, walikuwa na viongozi, walikwenda ofisi baada ya ofisi hadi wakazoeleka kero. Mwaka 2016 Rais Magufuli akafika pale akaagiza wajengewe, na Machi 2022 Rais Samia akazindua maghorofa mapya kwa ajili ya kaya zile 644. Miaka 11! Wengine walifariki wakiwa kwenye nyumba za kupanga. Ila waliobaki walirudi, kwa sababu jina la kila mmoja lilikuwa limeandikwa mahali.

Nyumba za watu binafsi ni ngumu zaidi, sidanganyi. Hakuna manispaa ya kuibana. Hata hivyo dai mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja. Tunza risiti. Ofisi ya mtaa iwe na orodha ya wapangaji wa kila nyumba. Na wenye nyumba, siku mnakaa na mwekezaji mna nguvu ambayo hamtakuwa nayo tena: andikeni notisi ya miezi sita kwa wapangaji wenu, gharama za kuwahamisha zitoke kwake, na mama lishe apewe nafasi ya kwanza ya kupanga eneo la chakula kwa bei inayolipika. Kwa jengo la milioni 54 kwa mwezi, hayo ni mavumbi. Nimewahi kuona mwekezaji akiyakubali yote matatu ndani ya dakika kumi. Alikuwa hajawahi kuulizwa.

Sasa Mwenyekiti ameniruhusu nikae hapa hadi adhuhuri. Mliokuja na mikataba yenu ileteni mbele, tutaisoma pamoja kifungu kwa kifungu. Mimi nipeni fotokopi. Nakala halisi bakini nazo wenyewe.